Tarakimu Saba

Saiba yangu ina kompyuta sita, nne ndizo hai.
Iko Kayole, mkabala na muuza gesi,
na wiki ya majibu ya vyuo sifungi mlango mapema.
Stima zikipotea, watu hungoja gizani
wakinuka sabuni na wasiwasi.

Kuangalia ni shilingi hamsini.
Habari mbaya sitozi. Sijaandika popote,
ni mkono tu unaokataa kupokea.

Mwaka huu walikuja pamoja, Mutheu na Obuya:
dawati moja miaka minne, kamusi moja
iliyopasuka katikati, huyu A hadi L, yule M hadi Z,
wakiazimana maneno kupitia dirishani.
Wote wawili waliomba Sheria.
Mimi ndiye niliyewajazia fomu, mwezi wa tano,
tarakimu saba za kozi, moja baada ya nyingine,
kwa kidole hiki chenye kovu la kopo.

Mutheu alikuwa na arobaini na tatu nukta sita.
Obuya, arobaini na mbili nukta tisa.
Hesabu gani hiyo ya kumshinda mtu?
Hata mama mandazi pale nje
angekuambia sahani inaenda kwa nani.

Nikabonyeza.
Obuya: Sheria.
Akaruka, akagonga taa, taa ikabembea,
kivuli chake kikawa kirefu, kifupi, kirefu.
Nikabonyeza tena.
Mutheu: Usimamizi wa Nyanda za Malisho.

Mutheu! Mzaliwa wa orofa ya nne,
ambaye mbuzi amemjua akining'inia buchani
na muhuri wa zambarau pajani.

"Hebu rudia." Nikarudia.
"Zima, uwashe." Nikazima, nikawasha.
Mashine ikasema lilelile, bila haya,
kama karani aliyekwisha kuvaa koti la kwenda kwao.

Usiku akaja baba yake, mzee Nzuki,
na sare yake ya ubawabu, kofia mkononi.
Ni bawabu wa chuo kilekile.
Miaka kumi na minne amelifungua lango lile,
anajua mhadhiri yupi husalimu, yupi hupiga honi.
Akaketi mbele ya kompyuta ya tatu, iliyokufa,
akaitazama weusi wake.
"Mimi nikimzuia mtu langoni, humwambia sababu.
Huna kitambulisho. Umechelewa. Jina halimo.
Hii yako, mwanangu, inamzuia mtu kwa lipi?"

Nikamwambia tunayoyasema wote:
nafasi chache, mwaka huu si mwaka jana.
Mwalimu wa hesabu anasema ni mizani.
Pasta wa chini anasema ni mpango.
Muuza gesi anasema, kuna mkono wa mtu.

Nilichomficha ni daftari.
Alipoondoka nililifungua, nikatafuta mwezi wa tano,
jina lake, namba yake. Tarakimu ya mwisho
ni moja, au ni saba? Kwa mwandiko wangu
hizo mbili ni mapacha.
Nikaisogeza kwenye taa: moja.
Nikaisogeza tena: saba.
Na ukurasa wa machaguo ulikwisha kufungwa
kule mtandaoni, tangu Juni.

Jumatatu Mutheu akaja kuchapisha barua.
Nakala mbili, moja ya rangi.
Akasoma orodha kwa sauti: shuka, ndoo,
kufuli, gambuti jozi moja.
Hapo kwenye gambuti akacheka, halafu akaacha.
Akanyoosha noti. Nikasema, weka.
"Kwani ni habari mbaya?" akaniuliza,
akaiacha mezani, akaenda.

Jana nilimwona kwenye ngazi za ploti yao,
gambuti nyeusi, kibandiko cha bei bado kisiginoni,
anapanda, anashuka, anapanda,
anasikiliza zinavyolia.
Na Obuya ameketi ngazi ya chini kabisa,
hasemi neno,
amemshikia ndara zake.